Ombi la Nyumba Yetu Kusamehewa Mafuriko

Nyumba ya mwisho, mtaa wa chini,
karibu na mfereji mkubwa.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Maafa,

KUH: KUSAMEHEWA MAFURIKO YA MSIMU HUU

Mheshimiwa, natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa mahali pakavu. Sisi huku hatujambo, na pakavu bado papo, ndiyo maana nimeona niandike mapema. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lisogeze tu. Mtoto yuko mapajani mwangu na anaitaka kalamu. Mistari inayopanda juu ni ya kwake.

Kwanza nikujulishe sisi ni nani, maana kwenye kumbukumbu zenu tumeandikwa "kaya yenye changamoto", na niliposoma hivyo hata mimi sikututambua.

Mume wangu ni fundi cherehani. Hasikii tangu utotoni, lakini macho yake yanaona uzi uliofumuka kwenye nguo ya mtu anayepita ng'ambo ya barabara, na hawezi kuvumilia, lazima amwite. Mama mkwe wangu haoni, presha ya macho ilimchukulia yote mawili, lakini masikio yake, Mheshimiwa, hata wewe ukipita kwetu usimseme mtu vibaya hadi uvuke kona. Mtoto wetu ni wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na tunamwita Bonge kwa sababu ambayo siku ukimbeba utaielewa. Mimi nafua mashuka ya hospitali. Natoka asubuhi narudi mchana, na muda wote huo Bonge yuko na baba yake na bibi yake. Hajawahi kupungukiwa na kitu, labda mimi tu.

Sasa nimepata amri yenu mliyoibandika kwenye mlango wetu mpya (nitaeleza mbele kwa nini ni mpya). Inasema mtoto asiachwe na "watu wasioweza kupokea tahadhari", na kwamba kabla mvua hazijaanza apelekwe kwa ndugu wanaosikia na kuona, au mimi niache kazi nikae naye. Ndugu anayesikia na kuona ninaye, ni kaka yangu. Anasikia vizuri sana na anaona mbali, na mwanawe wa kwanza alimsahau sokoni hadi muuza vitunguu akamrudisha. Kuhusu kuacha kazi, nimeliwaza hilo nikiwa nakamua mashuka, nikaona tukila mwezi wa kwanza, mwezi wa pili tutakula uzi.

Nilikaa nikalia kidogo, simfichi mtu. Halafu nikaona kuna njia nyepesi kwa pande zote. Badala ya kumhamisha Bonge, tuyahamishe mafuriko. Naomba nyumba yetu isamehewe.

Sababu zangu nimeziwekea namba. Dada wa mapokezi pale kwenu alinishauri hivyo, alisema malalamiko yasiyo na namba hayapandi ghorofani.

1. Kuhusu king'ora. Mlikiweka juu ya tangi la maji la sokoni, na siku ya kukijaribu kilisikika hadi hospitali, mashuka yakanidondoka. Mume wangu aliendelea kushona. Sisemi king'ora kina kosa, kilipiga kelele kama kilivyotumwa. Ila afisa wenu mwenye kipaza sauti cha mkononi alikuja akasimama mbele ya baraza yetu, akamtangazia mume wangu ahame. Alimtangazia kwa karibu sana. Mume wangu akamsogezea kiti. Afisa akakikataa, akainua mikono yote miwili juu kuonyesha maji yatakavyopanda. Sasa Mheshimiwa, mtu akisimama mbele ya fundi cherehani akainua mikono, fundi anaelewa jambo moja tu. Mume wangu alichukua futi yake akampima kifua. Afisa aliponyoosha mkono kumwonyesha njia ya kukimbilia, akampima urefu wa mkono. Akampima na kiuno, kwa kuwa suruali ya afisa ilikuwa imefumuka nyuma, na mume wangu alishaiona tangu iko kona. Afisa aliandika kwamba mkazi huyu "hakutoa ushirikiano". Vipimo vyake tunavyo hadi leo. Sijui ushirikiano mwingine ni upi.

2. Kuhusu simu. Mlitangaza kwamba watu wenye ulemavu waandikishe simu zao, watapata taarifa kwa namna inayowafaa. Nilifurahi kweli, nikawaandikisha wote wawili kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo mume wangu anapigiwa simu na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, na mama mkwe anatumiwa ujumbe wa maandishi. Nilikuja kuuliza kama haiwezekani wakabadilishana. Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole, "Dada yangu, mfumo ndivyo ulivyopanga." Sikubishana na mfumo, sijawahi hata kukutana nao. Mume wangu kwa heshima yake huwa anapokea. Anaiweka simu sikioni kama anavyoona watu wakifanya, anatikisa kichwa, anangoja kioo kiwake kuonyesha mwanamke amemaliza, kisha anairudisha mfukoni. Mama mkwe naye akisikia mlio wa ujumbe husema, "Wale wanangu wa ofisini wameniandikia tena, waambieni nawasalimia." Kwa hiyo wote wawili wana uhusiano mzuri na ofisi yako. Kinachokosekana ni kujua mnasema nini.

3. Kuhusu karatasi ya rangi yenye michoro ya kujiokoa. Mama mkwe alipewa mkononi, akaambiwa aisome kila asubuhi. Akauliza inasemaje. Akajibiwa kwamba yote yameandikwa humo humo. Hana kinyongo. Anasema ni karatasi nzito, haichaniki, na Bonge analala juu yake vizuri.

4. Kuhusu mafunzo. Yalifanyika ghorofa ya tatu, na jirani yetu fundi viatu, ambaye miguu yake haitembei na anatumia kiti cha magurudumu, alialikwa kuja kuzungumza kwa niaba ya wenzake wote. Lifti ilikuwa imeharibika. Akabaki chini kwa mlinzi, wakamshushia soda na karatasi ya mahudhurio, akasaini kwamba ameelimika. Ukimuuliza alifundishwa nini anasema alifundishwa drafti na mlinzi, na alifungwa. Mume wangu yeye alifika juu. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo, ila mwezeshaji alijitahidi kuongea polepole. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele akaonyeshwa picha ukutani. Alipiga makofi kila wenzake walipopiga.

5. Kuhusu zoezi la kuhama, na hapa ndipo penye mlango.

Lazima nikueleze kitu cha nyumbani kwetu. Tangu Bonge azaliwe tuna lastiki. Ni lastiki ya kawaida ya sketi, imeunganishwa vipande vipande, inatoka kwenye kiti cha mama mkwe chumbani, inapita chini ya pazia, inaishia kwenye kifundo cha mguu wa mume wangu huko barazani kwenye cherehani. Mama akivuta mara moja, kuna mgeni au kuna jambo la kuongea. Mara mbili, mtoto. Mara tatu, acha kila kitu uje, tunatoka. Mume wangu akitaka kujibu anatikisa mguu, na mama anajua anakuja. Majirani huwa wanatucheka. Fundi viatu anasema mume wangu ndiye mwanamume pekee aliyefungwa kamba na mama yake na mkewe akakubali.

Siku ya zoezi king'ora kilipolia, mama alivuta mara tatu. Mume wangu akaja, akamfunga Bonge mgongoni, akafunga mlango kwa kufuli, mama akashika bega lake, wakatoka. Njiani walimpitia fundi viatu, wakamsukuma hadi kiwanja cha shule, mahali penu pa kukusanyikia. Walifika hakuna mtu. Hata meza yenu ilikuwa haijafika. Walikaa kivulini, wakaja watu wenu na gari, wakawaambia wasogee kwa sababu hapo panawekwa meza ya kupokea waliookolewa.

Wakati huohuo kikosi chenu kilikuwa kwetu. Utaratibu wenu unasema watu wenye ulemavu wabaki ndani wakingoja kuokolewa, na vijana wenu walikuja kuokoa. Kufuli lilikuwa nje, Mheshimiwa, linaning'inia, linaonekana. Wakavunja mlango. Ndani, kwa haraka waliyokuwa nayo, walimkuta mtu mmoja amesimama kimya karibu na dirisha, wakamlaza kwenye machela wakakimbia naye hadi kiwanja cha shule. Lilikuwa sanamu la mume wangu la kuvalishia nguo, tena lilikuwa na gauni la harusi ya mteja. Nimeisoma taarifa yenu ya siku ile kwenye ubao wa matangazo. Inasema, "Ameokolewa mwanamke mmoja, hakujibu maswali, hali yake ni tulivu." Chini yake imeandikwa kwamba fundi cherehani, mama yake na mtoto "hawakupatikana". Hawakupatikana, na walikuwa wamekaa hatua chache kutoka kwa aliyekuwa anaandika. Mama alimsikia kabisa akiwauliza wenzake herufi za neno "tulivu".

Ni kutokana na taarifa hiyo ndipo ikatoka amri ya kumwondoa Bonge.

6. Sasa ombi lenyewe. Nimezipanga sababu zangu hizo tano nikazitazama, nami kwa akili yangu ndogo nimeona kitu. King'ora ni cha wenye masikio. Karatasi ni ya wenye macho. Mafunzo ni ya wenye miguu. Mpango wenu wote umewapita watu wa nyumba yetu bila hata kuwakanyaga. Na mimi najua mwaliko wa harusi usiponifikia, basi harusi hainihusu, sivai, siendi, na hakuna anayeniuliza. Kwa kuwa tahadhari ya mafuriko haiji kwetu, ni haki na mafuriko yenyewe yasije. Haiwezekani mwaliko ukose mlango halafu mgeni aupate.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iyaandikie maji barua, yenye mhuri, kuyaarifu kwamba nyumba ya mwisho imesamehewa. Nitaibandika upande wa mfereji. Ninachoomba ni barua iwe na maandishi makubwa, maana maji yanapita haraka. Na kwa kuwa sijui kama maji yanaona au yanasikia, nashauri pia afisa mwenye kipaza sauti asimame pale ayasomee kwa sauti. Kama kuna namna ya kuyagusa yakaelewa, yaguswe. Nisingependa yaje yadai kwamba hayakupata taarifa kwa namna inayoyafaa. Huo ungekuwa uonevu, na mimi siwezi kuyaombea maji pungufu ya ninavyowaombea watu.

Ikishindikana kuyasamehesha, basi yapangiwe muda. Yaje mchana baada ya mimi kurudi, isiwe siku ya mashuka ya wodi ya wazazi, siku hiyo nachelewa.

Hilo nalo likishindikana, naomba mtuletee maafisa wawili wakae nasi msimu wote, mmoja awe masikio ya mume wangu, mmoja awe macho ya mama. Mkeka upo. Watafundishwa lastiki, na aliyekosea idadi ataosha vyombo. Nawaonya tu kwamba mume wangu akikaa na mtu siku mbili anamshonea, na mama akikaa na mtu siku moja anajua siri zake.

Na kama yote matatu hayawezekani, Mheshimiwa, nimebaki na la mwisho, dogo, karibu nilione aibu kuliandika baada ya hayo makubwa. Simu wabadilishane. Taa iwake pale king'ora kinapolia. Mafunzo yafanyike chini, awepo mkalimani. Na kabla ya kuandika kwamba mtu hakupatikana, mtu huyo aitwe kwanza kwa namna anayoitikia. Lakini najua hayo ni magumu kuliko kuyaandikia maji, ndiyo maana nimeanza na maji.

Bonge ameshalala. Amelala huku ameishika lastiki, anapenda kuitafuna. Namtazama, na ninajua tukiongea vizuri tutaelewana, maana naamini na wewe uliwahi kulelewa na mtu.

Nisalimie dada wa mapokezi, mwambie namba nimeweka. Msalimie afisa mwenye kipaza sauti. Vijana waliovunja mlango wape pole ya mabega, na waambie yule mwanamke waliyemwokoa hajambo, gauni lake limeolewa tayari. Mlinzi asalimiwe na fundi viatu, anasema anataka mechi ya marudiano. Mfumo nao, ukionana nao, usalimie.

Ni mimi mwenye kuomba kwa unyenyekevu,
mke wa fundi cherehani, mama Bonge.

N.B. Mheshimiwa, barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa sufuria ili niongeze haya, na naomba uyasome haya kabla ya yale ya juu, ingawa najua umeshachelewa.

Jana asubuhi, mimi nikiwa kazini, afisa wako alikuja kwetu na karatasi ya mwisho ya kumchukua Bonge. Huku chini jua lilikuwa linawaka. Afisa alisimama barazani akieleza, na alipofika mahali pa maji kupanda akainua tena mikono. Mume wangu akapima upya, anasema kiuno kimeongezeka. Ndani, mama mkwe akasikia mfereji umebadili sauti. Anasema alisikia mawe yanatembea. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu usiku kucha. Akavuta mara tatu.

King'ora hakikulia. Kinatumia umeme wa sokoni, na upepo ulikuwa umekata umeme tangu alfajiri. Afisa alikuwa akipiga simu ofisini kuuliza kama kuna tahadhari yoyote, na alikuwa bado anaulizwa jina lake wakati mume wangu alipomfunga Bonge. Alimfunga mgongoni mwa afisa, kwa kuwa mgongo wake mwenyewe aliutaka kwa mama, miguu ya mama haiwezi mbio. Mama akiwa huko juu mgongoni aliita mtaa mzima, jina la kila nyumba kwa mpangilio wake, kwa sauti ambayo afisa anasema kipaza sauti chake kisingeifikia. Fundi viatu akagonga karai kwa nyundo, nyumba kwa nyumba, watoto wa jirani wakimsukuma. Mtaa wa chini wote ulikuwa kiwanja cha shule maji yalipofika. Hakuna aliyepotea, hata kuku wa jirani wamehesabika. Kwetu maji yalifika kwenye kanyagio la cherehani yakarudi. Nilipofika nikikimbia, Bonge alikuwa bado mgongoni mwa afisa, amelala, ameshika kola yake. Afisa alikuwa amekaa wima kabisa asije akamwamsha. Nikamwambia, "Shemeji, mteremshe sasa." Akasema, "Mwache tu, dada, kwanza apumzike."

Ile karatasi ililowa mfukoni mwake. Mume wangu kwa adabu akaipiga pasi ya mkaa, maandishi yote yakabaki kwenye kitambaa, karatasi ikarudi nyeupe na mhuri wako umebaki. Nimeiambatanisha hapa. Mhuri upo na nafasi ipo, naomba mtuandikie kitu kingine.

Sababu hasa ya kufungua bahasha ni hii. Jana jioni nilipowasomea majirani ombi langu la kusamehewa mafuriko, walilikataa wote. Wamesema maji yakianza kuikwepa nyumba yetu, wao watapashwa habari na nani. Kwa hiyo naliondoa. Yaache yaje kama yalivyozoea, na Bonge abaki hapa kama alivyozoea. Badala yake tunaomba lastiki. Kila nyumba ya mtaa wa chini inataka kipande chake kutoka kwenye kiti cha mama, na ile ya sketi imekwisha.

Suruali ya afisa wako iko tayari. Aje kuichukua. Akifika asipige kelele, avute lastiki mara moja. Akivuta mara mbili atapewa mtoto. Mara tatu asijaribu, tutahama mtaa mzima.